Kugawanya kwa Nne

Jumamosi, 2 Agosti

Matokeo ya muhula wa nne yametoka! Saa tatu asubuhi hosteli nzima ilikuwa kelele tupu, nyingine za furaha, nyingine sikutaka kujua. Mimi nimepata 5.0. A tupu. Miaka arobaini na saba, miwani ya kusomea, magoti yanayolalamika nikipanda ngazi, na bado nimewaacha watoto wa watu nyuma.

Kwenye tovuti ya matokeo unaona GPA ya muhula mmoja mmoja tu. Ya jumla, ile ya tangu mwaka wa kwanza, haionekani mpaka baraza la chuo likae, na baraza linakaa mwisho wa mwezi. Nani ana moyo wa kusubiri? Kwa hiyo wakaanza kugonga mlango wangu. Ndiyo kawaida yao. Mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, miaka kumi na tisa kazini, wamwache waende kwa nani? Wananiita Mama Wastani. Najifanya sipendi.

Nilikaa kitandani, daftari mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Mtu anataja GPA zake za mihula minne, najumlisha, nagawanya kwa nne, naandika, napigia mstari. Kichwani tu. Kijana mmoja alitoa simu ili ahakikishe, nikamwambia airudishe mfukoni, asinivunjie heshima. Watu kumi na mmoja mpaka saa saba.

Yangu: 4.2, 4.4, 4.0, 5.0. Jumla 17.6. Gawanya kwa nne — 4.4. Daraja la kwanza linaanzia hapo hapo kwenye 4.4. Nimeingia kwa kubana mlangoni, lakini nimeingia!

Wa mwisho alikuwa mwenzangu wa chumbani, Kimya. Ni jina la utani, lakini limemkaa kuliko lake la kuzaliwa. Anaweza kumaliza siku kwa maneno sita, na mawili yawe shikamoo mama. Alingoja wote watoke ndipo akanyoosha karatasi. 1.6, 1.9, 1.5, 3.2. Asiyefikisha 2.0 mwisho wa mwaka wa pili anaondolewa chuo, hakuna cha huruma. Mkono wa pili alishika fomu ya muhula mfupi. Alishaijaza, alitaka kurudia Takwimu, somo alilopata D, ili ajiinue.

Nikajumlisha. 8.2. Gawanya kwa nne — 2.05.

Nikamwambia umepita. Hakuamini. Nikamwonyesha mstari kwa mstari. Akauliza kama bado arudie Takwimu, kwa usalama tu. Nikacheka. Wiki sita ukae darasani ukihangaika na somo ulilokwisha kulipita, kwa ajili ya nini? Nenda nyumbani ukapumzike, baba yako hajakuona tangu Januari. Nikaichukua ile fomu mkononi mwake nikaichana, nikaitupa kwenye ndoo. Alinikumbatia akalia. Mimi pia machozi yalinilenga. Siku nzuri sana leo.

Jumapili, 3 Agosti

Baba watoto amepiga. Nikamwambia 4.4, daraja la kwanza. Nikamsikia anawaita watoto kwa sauti mpaka jirani akajibu.

Jioni meseji ya mwalimu mkuu wa shule yangu. Habari zimeshamfika, na ameshawatangazia walimu wote kwenye kundi la simu. Hata mwalimu wa sayansi ameandika hongera, yule aliyesema naenda chuo kuzeekea na nitarudi na cheti cha mahudhurio. Mwalimu mkuu anaomba barua ya chuo ya kuthibitisha, aibandike ofisini. Nimejibu itafika wiki hii. Najipiga kifua — acha nijipige, nimeisubiri siku hii muda mrefu.

Kimya anafunga begi. Anaondoka kesho alfajiri. Anaimba! Sijawahi kumsikia akiimba.

Jumatatu, 4 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Saa nne nilikwenda ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi. Foleni ya watu kama ishirini. Pale kuna dirisha la kioo lenye tundu dogo la kuongelea. Ukisema polepole karani hasikii, kwa hiyo kila mtu anasema kwa nguvu na foleni yote inapata habari zake. Karani ni binti tu, umri sawa na mwanangu wa kwanza. Nikaomba barua yangu ya daraja la kwanza. Akaandika namba yangu, akatazama kompyuta, akasema barua za GPA ya jumla hazitoki kabla ya baraza. Na hata hivyo, mwalimu, yako ni 4.30. Daraja la pili la juu.

Nikamwambia mashine imekosea. Akasema haijakosea.

Hapo ningenyamaza! Hapo ningesema asante mwanangu nikaenda zangu! Badala yake nikavuta karatasi kaunta, nikaigeuza, nikaanza kumfundisha. Kwa ile sauti ya darasa la watoto sitini. Nne nukta mbili, jumlisha nne nukta nne, jumlisha nne, jumlisha tano, tunapata ngapi? Nikamwuliza kama huko alikosoma hawakumfundisha wastani. Nikaigeukia foleni inishuhudie. Watu walicheka, nami nikadhani wanamcheka yeye.

Alinisubiri nimalize. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Mwalimu, muhula wa nne ulikuwa na uniti ngapi?"

Kumi, nikamjibu. Nusu ya muhula tulikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha.

"Na wa tatu?"

Ishirini na nne.

"Sasa hiyo mihula miwili inakuwaje na uzito sawa?"

Nilielewa kabla hajamaliza kuuliza, na ndiyo inayonichoma. Kila alama inazidishwa kwa uniti za somo lake, yaani uzito wa somo, unajumlisha pointi zote za miaka miwili, unagawanya kwa uniti zote. 318 gawanya kwa 74. Si GPA nne kugawanya kwa nne! Uniti sikuzigusa kabisa. Muhula wangu mwepesi wa uniti kumi nimeupa nguvu kama ule wa ishirini na nne.

Najua hata kosa limetoka wapi. Ripoti za shule. Masomo yale yale saba kila muhula, yote sawa, mihula mitatu. Miaka kumi na tisa najumlisha wastani wa mihula mitatu, nagawanya kwa tatu, na jibu linakubali kila mwaka, kwa sababu uzito haubadiliki. Mkono ulishazoea kazi. Kichwa hakikuulizwa.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema leo Mama Wastani kapewa zoezi. Foleni ikaangua kicheko. Nikasema asante, nikatoka uso chini. Miwani nikaisahau kaunta. Karani mwenyewe alitoka ofisini akanifuata nayo mpaka kwenye ngazi, akanipa kwa mikono miwili. Bora angenitukana.

Jumanne, 5 Agosti

Sijatoka chumbani. Nimekula mkate mkavu na chai ya jana. Baba watoto amepiga mara mbili, sijapokea. Mwalimu mkuu ameuliza barua imefikia wapi.

Mpaka saa tano asubuhi nilikuwa najililia mimi. Daraja langu, jina langu, mwalimu wa sayansi atasema nini. Ndipo nikaliona daftari pale chini ya mto.

Watu kumi na mmoja. Wote niliwagawanyia kwa nne!

Nikakaa mezani. Sote tuko darasa moja, uniti ni zile zile: ishirini, ishirini, ishirini na nne, kumi. Nikaanza upya, mmoja mmoja. Wa kwanza kashuka kidogo, daraja lile lile. Wa pili vivyo hivyo. Mmoja hata kapanda. Kumi wote hawakuhama mahali pao. Nikaanza kupumua.

Kimya nilimwacha wa mwisho. Nadhani nilishajua.

Thelathini na mbili. Thelathini na nane. Thelathini na sita. Thelathini na mbili. Pointi 138. Gawanya kwa 74.

1.86.

Nikarudia. Nikarudia tena kwa kikokotoo cha simu, mimi! 1.86. Alama 3.2 ya muhula wa nne ilikuwa ya uniti kumi tu, na mimi nikaifanya imbebe.

Nikaenda kwenye ndoo. Tupu. Wasafishaji waliimwaga jana, na hata kama isingemwagwa, fomu iliyochanwa ya nini?

Alikuwa ameshaijaza. Alitaka kuipeleka. Aliniuliza kama airudie kwa usalama, nami nikacheka. Hilo cheko nalisikia mpaka sasa.

Sijampigia. Nimejiambia kwanza nihakikishe kanuni za chuo. Uongo. Kanuni nazijua. Naogopa, basi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi dirishani. Nilikwenda saa ya mapumziko ya chai, foleni ikiwa fupi. Nikajitia hamnazo. Nikamwambia karani nina rafiki aliyedhani amepita, kumbe hajapita, afanyeje? Akanieleza vizuri, bila kunikumbusha ya Jumatatu. Usajili wa muhula mfupi unafungwa Ijumaa hii saa tisa alasiri. Mwanafunzi aje mwenyewe, asaini mbele yake. Fomu ya kuletewa na mtu hapokei, hata akiletewa na mzazi.

Nimepiga hesabu pale pale, safari hii na uniti. Takwimu ni uniti tano. Akitoka D akapata B anaongeza pointi kumi. 148 kwa 74. Mbili kamili. Haizidi hata chembe, lakini inafika. Akipata C, kwisha.

Karani akauliza nani alimwambia huyo rafiki amepita. Swali la kawaida tu.

Nikasema alijikokotolea mwenyewe.

Lilinitoka hivyo hivyo, laini. Karani akatikisa kichwa, akasema watoto hawa wana haraka. Nikaitikia. Nikasimama pale macho makavu nikamsingizia mtoto asiyekuwepo!

Kwao Kimya ni mwendo wa saa sita na zaidi kwa basi. Kwa hiyo ilibidi leo. Nilipiga saa kumi. Akapokea baba yake. Ni fundi wa plasta, hatujawahi kuonana, lakini nilipojitambulisha alisema jina langu kama la ndugu aliyepotea. Mwalimu! Akasema mtoto alikuwa halali mwaka mzima, sasa analala mpaka saa mbili asubuhi na yeye anampita kwa kunyata na ndoo zake. Amewaambia mafundi wenzake wote kwamba binti anaingia mwaka wa tatu. Akasema nikijenga nisimtafute fundi mwingine, kuta zangu zote ni zake, atazilainisha mpaka nijione usoni.

Nilikuwa nimefungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeufungua.

Nikasema nilikuwa nawasalimu tu.

Akamwita Kimya, akaja, shikamoo mama. Marahaba mwanangu, pumzika. Nikakata simu, nikaitazama kama kosa ni lake.

Alhamisi, 7 Agosti

Asubuhi nimempigia baba watoto, nikamwambia ukweli wangu. Si 4.4, ni 4.30, nimekosea kukokotoa. Akasema kwa hiyo? Akauliza kama kuna mtu amekufa. Akasema mwambie mwalimu mkuu mapema, usimwache aagize fremu. Nikamwandikia mwalimu mkuu, akajibu pole na hongera katika mstari mmoja. Ikaisha. Siku tatu nimejitesa kwa jambo la dakika mbili.

La Kimya sikumwambia baba watoto. Hilo halina cha "kwa hiyo?"

Nimeandika meseji mara nane. Mwanangu nilikosea. Nafuta. Mwanangu kuna jambo. Nafuta. Mwanangu, ile siku nilipokuchania fomu. Nafuta upesi. Saa zinakwenda, basi la mwisho la kumfikisha huku kesho mchana linaondoka alfajiri, lazima ajue leo. Saa kumi kasorobo nikatuma hii, nainakili hapa ili nisije nikaipamba baadaye:

"Mwanangu, ofisi wamekosea kwenye hesabu zako. Njoo kesho bila kukosa, lazima usaini fomu ya muhula mfupi kabla ya saa tisa. Nitakuwa nakusubiri."

Yote kweli, isipokuwa neno ofisi. Nilikaa na kidole juu ya simu, nikajiambia la muhimu afike, mengine nitayasema uso kwa uso. Nikabonyeza.

Akajibu, "Sawa mama."

Baada ya dakika moja, nyingine: "Asante kwa kunipigania."

Nimelala chali na viatu miguuni mpaka saa hii. Nimejidharau kabla, kwa mambo madogo madogo, kama kila mtu. Kwa kiasi hiki, sijawahi.

Ijumaa, 8 Agosti

Saa saba na dakika kumi mchana. Naandika kwenye benchi nje ya ofisi ya kumbukumbu. Wamefunga kwa chakula, wanafungua saa nane. Naandika ili nisitazame watu.

Wamefika saa sita na nusu. Wamefika wawili! Baba yake amekuja naye. Mfupi, mabega mapana, shati limenyooshwa, viatu vina plasta kavu pembeni isiyotoka hata ukisugua. Ukuta wa mtu ameuacha nusu. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaushikilia. Akasema amekuja kuzungumza na hao watu wa ofisi. Kwamba kwenye kazi yake ukikosea kipimo ukuta unaubomoa kwa gharama zako, husemi samahani ukaenda kula. Kwamba huwezi kumlaza mtoto wa mtu usingizi wa amani siku tano halafu umwamshe hivi. Hajapandisha sauti hata kidogo. Anajizuia, na unaona anavyojizuia.

Akaniuliza ni karani yupi. Akauliza ni yule binti wa dirishani? Ana bosi wake hapa? Anataka amfikishe kwa bosi wake.

Nikasema ndiyo, yule wa dirishani.

Nimeandika hivyo. Ndivyo nilivyosema.

Saa saba na nusu. Kimya hajakaa. Tangu wafike anazunguka. Sasa yuko kwenye ubao wa matangazo ukutani, anasoma karatasi moja iliyopauka. Naijua ile karatasi, ipo pale tangu mwaka wa kwanza, nimeipita mara mia: jinsi ya kukokotoa GPA ya jumla, na mfano wake chini. Anafuata mistari kwa kidole. Ametoa simu. Anabonyeza. Anatazama juu, anabonyeza tena.

Baba yake ananiambia anapenda mtoto anavyojali masomo. Nami naitikia ndiyo, anajali.

Saa nane kasoro dakika kumi. Amekuja akakaa, mimi katikati, yeye kulia, baba yake kushoto. Akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, macho kwenye simu:

"Mama, Jumamosi ulizidisha kwa uniti?"

Nikatikisa kichwa, hapana.

Alizima simu akaiweka mfukoni. Nilingoja. Nilitamani aseme lolote, anitukane, ainuke. Nikamnong'oneza nisamehe mwanangu, nikamwambia nitabaki hapa wiki zote sita nimfundishe Takwimu kila siku, kama atanitaka. Ametoa fomu mpya kwenye begi, alishaichukua kwa mlinzi wa mlangoni, anaijaza kwenye paja. Takwimu, uniti tano. Hajafuta hata neno moja. Mimi ndiye ninayekata maneno, ukurasa huu ni ushahidi.

Saa nane kasoro dakika mbili. Watu wameanza kupanga foleni nyuma yetu. Baba yake amesimama, anaweka kola sawa. Ameniambia mwalimu, tangulia wewe uwape hesabu, wewe ndiye unaijua. Mimi nitafuata na maneno yangu.

Kimya hakuinua macho kutoka kwenye fomu. Akasema, "Kaa, baba. Mwalimu atasema mwenyewe."

Baba yake amekaa. Ananitazama, hajaelewa. Anangoja nimweleweshe.

Pazia la dirisha limefunguka. Karani ameniona, ananipungia mkono nisogee. Ni hatua sita mpaka pale, na mimi bado naandika